Asiyeonja Chai Yake

Siku tuliyomzika Bot Kiprono, nyumbani kwake upande wa chini wa Siongiroi, waliniwekea kikombe mbele yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Ilikuwa chai ya maziwa, imechemshwa tangu alfajiri katika sufuria kubwa la kuazima, na vikombe vingine vya bati vilikuwa vimepangwa juu ya meza vikitoa mvuke bila kuguswa. Kiprono, mwanawe, ambaye sasa naye ana mvi, aliinama sikioni kwangu. "Onja, mzee," akaninong'oneza. "Watu wanangoja." Wageni waliotoka mjini walidhani ninaheshimiwa kwa sababu ya umri, au kwa sababu nina hoteli ndogo pale sokoni na chai ndiyo kazi yangu. Sivyo. Nilikishika kikombe, nami nikaogopa kumwaga. Nimeogopa kumwaga chai maisha yangu yote. Nilikaa vile kwa muda mrefu kuliko inavyopasa mbele ya watu wenye msiba, kwa kuwa kile kikombe kilinirudisha kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka uliofuata ule wa nzige, nilipokuwa nimesimama nyuma ya kamba nikiwagawia watu chai ambayo mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuionja.

Ya kwetu ziwani sitayasema hapa. Inatosha kwamba nilikuwa kijana, nilikuwa nimeandikwa mkataba mrefu katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho, na nilikuwa na kifua kibovu. Kazi yangu ilikuwa chumba cha kuchekechea. Kilikuwa na dirisha moja, nalo lilipigiliwa misumari ili upepo usipeperushe majani makavu. Vumbi la chai si kama vumbi la barabarani. Ni laini, ni kahawia, na linanukia vizuri, na ndivyo linavyokudanganya: unalivuta ukidhani ni harufu tu. Jioni nilitema mate ya kahawia. Asubuhi, wenzangu walipokuwa wakinawa uso nje ya laini, zile nyumba za wafanyakazi, mimi nilikuwa nimeinama nimeshika magoti kama mtu aliyeangusha sindano, nikiisaka hewa. Vijana wa sasa huniuliza kwa nini sikuondoka tu. Hawakijui kipande. Kilikuwa karatasi ndani ya kijisanduku cha bati, kinaning'inia shingoni, na tajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hakuna atakayekuandika kazi kwingine, na ukitoroka unafungwa. Usiku nilikivua nikakiweka kwenye dari, kwa kuwa nilihisi kama kinanikalia kifuani. Haikusaidia.

Kilichonitoa chekecheni kilikuwa kusoma. Sikwenda shule. Herufi nilijifundisha kwa maandishi yaliyopigwa chapa kwenye masanduku ya chai, kisha kwa kitabu cha misheni kilichokosa jalada, na kwa kuwa hakuna aliyenisahihisha, niliishi na hofu kwamba nimejifunza vibaya. Hofu hiyo ninayo hata leo. Ukurasa huu nimeuandika upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Siku moja aliingia chumbani Mzungu tuliyemwita Bwana Kengele, aliyekuwa amepewa kazi ya kuuza chai kwa Waafrika wenyewe, kwenye maonyesho ya kilimo na minada ya ng'ombe. Alikuwa na kengele ya mkononi ya kuwaita watu, ndipo tukampa jina hilo. Alinikuta nikisoma ubavu wa sanduku kwa sauti ya chini.

"Wewe najua soma?" akauliza.

"Kidogo, Bwana."

"Onyesha mkono." Akaigeuza mikono yangu, akaziangalia kucha. Zilikuwa safi; nilizisugua kwa mchanga kila siku. "Nzuri. Wewe kuja na hema. Hema iko uza, wewe kaa na hema. Hema hapana uza, wewe rudi hapa. Nasikia?"

Nilisikia. Sijawahi kusikia maneno vizuri kuliko hayo. Nje kulikuwa na upepo, na mimi ningekaa ndani yake maadamu masanduku yalirudi matupu.

Hema lenyewe lilikuwa turubai nyeupe, meza ndefu, jiko la mafuta ya taa, birika kubwa na vikombe, na mbele yake kamba iliyofungwa kwenye vigingi. Watu walisimama nje ya kamba, nami ndani. Bwana Kengele alinipa joho jeupe lililofungwa vifungo hadi kooni, na masharti yake aliyasema huku akipiga meza kwa kidole. Kengele ilie. Nihutubie. Nimpe kila mtu kikombe kimoja bure, nimwonyeshe pakiti, na kama hanunui, nimwite wa nyuma yake. Nisikae. Nisizungumze na mtu mmoja mmoja, kwa kuwa wengine watachoka kungoja. Na nisinywe. Aliyenitangulia, kumbe, alikuwa akikaribisha rafiki zake wakamaliza maziwa na sukari yote. "Chai ya hema ni ya wageni," akasema. "Wewe hapana kunywa. Hata kidogo."

Masharti hayo niliyashika kuliko nilivyoshika amri za kanisani. Nilipima majani kwa kijiko, nikakisawazisha kwa ncha ya kisu. Nilifuta vikombe mara tatu, na mara ya tatu nikavinusa. Hotuba niliikariri chumbani kwetu laini, wakati wa chakula cha jioni, mpaka mwenzangu wa chumba akachoka. Huyo alikuwa Matayo, Mragoli, dereva wa lori lililobeba hema letu, mtu mzima mwenye mke na shamba kwao na mdomo usiokuwa na breki. Chumba chetu kilikuwa cha mviringo, cha mabati yaliyokunjwa, moshi mwingi kuliko hewa, na mimi nilikaa karibu na mlango kwa ajili ya kifua. Matayo alisonga ugali wa wimbi, mimi nikachemsha omena, na kati ya tonge na tonge nilisema: "Chai huondoa uchovu. Chai huleta nguvu. Chai ni kinywaji cha watu waliostaarabika."

"Huyo mtu amestaarabika yuko wapi?" Matayo aliuliza. "Mimi naona Mjaluo na Mragoli wanakula samaki ya kidole."

"Niache, Matayo. Nikikosea neno moja nitarudishwa ndani."

"Ndugu yangu, wewe hukosei. Hiyo ndiyo shida. Watu wanakuangalia kama wanaangalia saa ya kanisa. Nani alisalimia saa?"

Alisema kweli, lakini sikuwa na nafasi ya kuelewa. Tulianza kuzunguka: Litein, Sotik, kisha mnada wa Siongiroi kule Chepalungu, ambako ardhi inashuka, hewa inakuwa kavu na yenye joto, na kifua changu, kwa mara ya kwanza tangu nije milimani, kikafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Nakumbuka nilisimama nyuma ya lori nikivuta pumzi kama mwizi. Kisha kengele ikalia, nikafunga kifungo cha juu, nikaingia ndani ya kamba.

Hatukuuza. Watu walikuja kwa wingi, wanaume waliofunga shuka begani, wanawake wenye shanga, wakapokea vikombe kwa mikono miwili kwa adabu, wakaenda pembeni, na nilipowafuata kwa macho niliwaona wakimwaga chai kwenye nyasi, polepole, wakiangalia inavyozama. Vikombe vilirudi vitupu na pakiti zikabaki mezani. Niliamini kosa liko kwenye kipimo. Nikapunguza majani. Mnada uliofuata nikaongeza. Niliongeza sukari mpaka Matayo akaniuliza kama nataka kuvutia nyuki. Wakaendelea kumwaga, na kila pakiti niliyoirudisha sandukuni niliihesabu kama siku moja ya vumbi.

Karibu na hema letu pale Siongiroi alikaa mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akiuza mursik, yale maziwa ya Wakipsigis ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Watu walimwita Bot Kiprono, yaani mama yake Kiprono. Hakuwa na kengele. Mtu akifika aliketi naye chini kwenye nyasi, wakasalimiana "Chamgei", wakaulizana mvua, ng'ombe, mtoto aliyekuwa na homa, ugomvi wa mpaka, na baada ya hayo yote kibuyu kilifunguliwa. Mimi nilimdharau kidogo, nakiri. Niliona anapoteza wakati. Lakini jioni alikuwa akikunja ngozi yake ya kukalia huku vibuyu vyake vyote vikiwa vyepesi.

"Wewe kijana wa nguo nyeupe," alinipigia kelele siku ya kwanza. "Umekufa umesimama?"

"Nafanya kazi, mama."

"Kazi gani? Hata salamu huna. Unalia ngenge-ngenge kama ng'ombe amepotea, halafu unawapa watu maji moto."

Wateja wake walicheka. Niliutazama uso wa meza nikaufuta, ingawa ulikuwa mkavu.

Jibu nililipata kwa masikio, nyuma ya turubai. Ilikuwa mchana, mnada mwingine pale pale, na nilikuwa nimechuchumaa nikisafisha jiko. Nje, upande wa pili wa kitambaa, Mkisii mmoja muuza ndizi alikuwa akizungumza na Mkipsigis mwenye ng'ombe, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho walichoelewana nacho.

"Wewe umekunywa hii chai?"

"Mimi? Wacha. Namwangalia huyo kijana tangu asubuhi. Ameonja?"

"Sijaona."

"Hajaonja! Juzi hajaonja. Hata mwezi ule mwingine hajaonja. Mtu anakupa kitu bure, hakuulizi jina, na yeye mwenyewe hanywi. Wewe ungekunywa?"

"Sisi kwetu hiyo ni sumu," Mkisii akasema, wakacheka wote wawili.

Nilibaki nimechuchumaa na kitambaa mkononi. Sasa ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekiona kila siku pale kwa Bot Kiprono bila kukiona. Kwa Wakipsigis niliowajua, anayetoa maziwa huonja yeye kwanza, mbele ya mgeni, ndipo ampe. Kwetu ziwani pia, pombe ya wazee huonjwa na mwenye nyumba. Nilikuwa nimekua na desturi hiyo, na nikaiacha mlangoni siku nilipovaa joho. Kila kikombe nilichokifuta mara tatu kilikuwa, machoni pao, kikombe cha mtu mwenye nia mbaya. Na dawa yake ilikuwa rahisi, funda moja tu, lakini funda hilo nilikatazwa, na Bwana Kengele alikuwa amesimama hapo kando na kiko chake. Ninywe, nirudishwe chekecheni kwa kuvunja sharti. Nisinywe, nirudishwe chekecheni kwa kutouza. Nilikaza kifuniko cha mafuta cha jiko kwa uangalifu, nikainuka, nikahutubia.

Nilimweleza Matayo tukiwa barabarani. "Mwambie Bwana," akasema. Nilimwambia, nilipopata ujasiri, nikiwa nimenyooka kama askari: kwamba watu wanangoja mtu aonje. Bwana Kengele alinitazama kana kwamba nimemwomba shati lake. "Hiyo maneno ya mvivu," akasema. "Yule mwingine pia nasema hivi."

Kisha yakafika maonyesho ya Kericho. Uwanja ulijaa mafahali waliopigwa brashi, vikapu vya mahindi, mabwana na mabibi wenye miavuli, na hema letu liliwekwa mahali pazuri, karibu na zizi la ndama. Kiprono, aliyekuwa kijana aliyetoka jandoni karibuni, alileta ndama wa mama yake, na mama mtu akaja naye kwa miguu kutoka Chepalungu na vibuyu mgongoni mwa punda. Alinipungia mkono. "Saa yetu imefika!" akawaambia wenzake, na nikajua Matayo amewatolea siri ya lile jina la saa alilonipa. Baridi ya Kericho ilikuwa imeshanibana tangu asubuhi. Nilihutubia kwa vipande, nikimeza hewa katikati ya maneno, na Bwana Kengele akaenda kula na wenzake kwenye hema la Wazungu.

Alasiri mvua ilikuja, kama ijavyo Kericho karibu kila siku, lakini siku hiyo ilikuja na mawe. Barafu ilianza kugonga turubai, kisha ikaipiga, na watu wote waliokuwa upande wetu wakakimbilia mahali pa karibu pa kujificha. Kamba ilikwenda na vigingi vyake. Walijaa ndani wazee, wanawake, ndama mmoja, muuza ndizi na ndizi zake, wakabananana mpaka mezani, shuka zao zikinuka mvua na moshi na samli. Nilipaza sauti, "Tafadhali, nje ya kamba!" na hiyo ndiyo pumzi yangu ya mwisho. Kifua kilifunga. Sijui kama umewahi kuona mtu akizama mahali pasipo na maji. Nilishika meza, vikombe vikaanguka, na nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba vimechafuka.

Bot Kiprono alinifikia kwa viwiko. Alikifungua kifungo changu cha kooni, kisha vyote. Akanikalisha juu ya sanduku la chai. "Wapeni kijana upepo!" alifoka, na watu wakajisukuma nyuma, wengine wakatoka kabisa kwenye mawe ili nipate hewa. Akaimimina chai yangu mwenyewe kutoka kwenye birika, akamwomba mtu maziwa mabichi, akayatia, akaonja yeye kwanza, akakunja uso.

"Chungu," akasema. "Lakini moto. Kunywa."

"Siru... siruhusiwi."

"Nani anakataza mtu chai yake? Kunywa, Mjaluo, usitufie hapa, watasema ni sisi."

Nilikunywa. Moto ule uliteremka polepole, na baada ya kitambo hewa ikapata tundu la kupitia. Nilikuwa nimepika mabirika yasiyo na idadi, na sikujua ladha yake. Nilipoinua macho, hema zima lilikuwa likinitazama, na nikawaona wameona. Mzee mmoja aliyefunga shuka nyekundu akanyoosha mkono. "Basi hata sisi, tupe," akasema.

Tulikunywa chai mpaka jiko likaisha mafuta. Sikuhutubia. Mawe yalikuwa yakipiga kelele sana, na tena hakuna aliyetaka hotuba; walitaka kujua natoka wapi, kama nina mke, kama kwetu barafu huanguka.

"Kwenu mnakunywa nini, supu ya samaki?"

"Uji," nikasema. "Na supu ya samaki."

"Ndiyo maana kifua yako imejaa maji!"

Nilicheka, ikaniuma, nikacheka tena. Mwanamke mmoja alinieleza namna ya kuchemsha majani ya mti fulani kwa ajili ya kifua, na mwingine akambishia kwamba si mti huo. Kiprono alishika masikio ya ndama wake asiogope. Tangu nije nchi ile hakuna aliyekuwa amenigusa bega. Siku ile waliligusa wengi, wakitaka nisogee wapate pa kukaa.

Mvua ilipokoma, Bwana Kengele alirudi akikanyaga barafu. Aliiona kamba matopeni, watu juu ya masanduku, ndama karibu na sukari, na mimi nimeketi, vifungo wazi, kikombe mkononi. Hakupiga kelele. Aliokota kengele yake chini ya meza, akaifuta. "Siongiroi," akaniambia. "Moja tu. Kama sanduku rudi na chai ndani, wewe rudi ndani."

Wiki zile kabla ya mnada sikulala vizuri. Matayo aliona ni jambo jepesi. "Sasa wanakujua," alisema, akigeuza ugali. "Onja kidogo Bwana akigeuka, wauzie, kwisha. Wamekuonea huruma. Huruma inanunua." Sikupenda neno hilo, lakini nililibeba mpaka Siongiroi, maana nilikuwa nimeanza tena kutema kahawia hata nikiwa nje, na nilijua kifua changu hakitamaliza mwaka mwingine mle ndani.

Walikuja. Bot Kiprono aliwaleta, akahamisha ngozi yake akaitandika mbele ya kamba yangu. Bwana Kengele alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Nilimimina kikombe cha kwanza, na mbele ya macho yake nikakionja. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha nikaikunja kamba, nikazunguka meza, nikaketi kwenye nyasi, joho jeupe na yote. Watu wakaketi. Nilidhani labda atangoja aone pakiti zinavyokwenda, na kwa kweli mikono kadhaa ilikuwa imeshaanza kuzishika, kuzigeuza na kuzinusa.

Yule mzee wa shuka nyekundu alimaliza kikombe chake, akainua pakiti. "Hii inatoka wapi?" akaniuliza.

Nikamtajia kiwanda.

Aliipima pakiti kwa mkono. "Hapo penye kiwanda," akasema, "ng'ombe wa baba yangu walikuwa wanalamba chumvi. Sisi tulihamishwa nikiwa kama wewe. Nyasi ya kwetu iling'olewa, ikapandwa hii." Akaiweka pakiti katika kiganja changu, bila hasira. "Sasa niambie, kijana. Wewe umekaa na sisi, umekunywa na sisi. Unataka ninunue hii?"

Watu waliokuwa wakinusa pakiti waliacha kunusa. Hotuba yangu yote ilikuwa kinywani, tayari, kila neno mahali pake. Kama ningesema ndiyo, nadhani angenunua, kwa adabu tu, kwa sababu ningekuwa nimemwomba kama mtu wa nyumbani, na wengine wangemfuata. Nyuma yangu nilihisi viatu vya Bwana Kengele. Niliwaza lile dirisha la misumari. Ningependa kusema nilifikiri juu ya haki ya ardhi, lakini nilikuwa kijana mwoga na sikufikiri mambo makubwa. Nilifikiri tu kwamba huyu ni mmoja wa wale waliotoka kwenye mawe ili mimi nipate hewa.

"Hapana, baba," nikasema. "Wewe kunywa tu."

Akanitazama, akakinyoosha kikombe chake nimwongezee.

Bwana Kengele alikijua Kiswahili cha kutosha kuelewa maneno hayo. Tulipakia masanduku yakiwa mazito kama yalivyokuja, na njia nzima Matayo hakufanya mzaha hata mmoja.

Miezi iliyofuata chekecheni siiwezi kuieleza kwa mfuatano, kwa kuwa haikuwa nao. Kulikuwa na vumbi, mashine, lile dirisha. Nilisimama mahali pangu pale pale, na nyapara aliyekuwa akinionea huruma alinipa kitambaa cha kufunga mdomo. Matayo alipotoka minadani aliniletea salamu chumbani, ndizi za yule Mkisii, kibuyu kidogo cha mursik kilichofungwa kwa jani. "Yule mama anauliza, saa yake imesimama wapi," aliniambia. "Nimemwambia imejaa vumbi." Hema nalo lilipata kijana mwingine, msafi, mwenye sauti nzuri, na watu wakaendelea kumwaga nyasini. Siku moja nilianguka kati ya mashine, nikatapika damu kidogo, na walipoona sifai hata kufagia, kipande changu kikatiwa sahihi. Nilikuwa nimeingoja sahihi ile kama watu wanavyongoja ufufuo, na nilipoipata nilikaa nje ya lango la kiwanda na blanketi langu, nisiweze kutembea hadi barabara kuu.

Walinikuta pale. Matayo ndiye aliyewapelekea habari. Bot Kiprono alikuwa mbele akimburura punda, na Kiprono nyuma, na wote wawili walikuwa na vumbi jekundu hadi magotini. Mlinzi wa lango akawauliza wanataka nini, kama wamekuja kuandikwa kazi ya kuchuma.

"Kazi gani!" Bot Kiprono alimjibu. "Tumekuja kuchukua mtu wetu."

Nilimwambia sina kitu cha kuwalipa, na kwamba sijauza hata pakiti moja. Alinikazia macho kana kwamba nimesema upuuzi. "Panda punda," akasema. Tukashuka Chepalungu polepole, tukilala njiani kwa watu aliowajua, na kila tulipoteremka hewa ilizidi kuwa kavu. Nilikwenda kupona, nikapona, nikabaki. Leo hakuna nyumba huku isiyochemsha chai, na watu husema ni matangazo ya redio yaliyowafundisha. Sibishani nao. Hotelini kwangu bado nafuta vikombe mara tatu, bado nalala nikiwaza kama nilimjibu mteja vizuri, lakini sijaweka kaunta. Naketi na anayekuja, na kikombe cha kwanza cha asubuhi ni changu, mbele ya watu.

"Mzee," Kiprono aliniambia tena pale msibani, kwa upole. "Inapoa."

Nilivuta pumzi, kwanza, kwa mazoea. Ikaingia yote. Kisha nikanywa. Majani yalizidi, na maziwa yalikuwa yameshika chini ya sufuria yakanuka moshi. Bot Kiprono angekuwa hai, angekunja uso. Nilimeza, nikashusha kikombe bila kumwaga, na nyuma yangu nikasikia bati likigusana na bati, vikombe vyote vikiinuliwa kwa pamoja. Kando yangu alikuwa ameketi mgeni mmoja wa mjini, kijana wa suti nyeusi, akikitazama chake asijue kama ni zamu yake. Nikamsogelea kwenye benchi. Nikamwuliza anaitwa nani, na huko alikotoka kama mvua imenyesha.